Je, kondo la nyuma tunalotupa linaweza kuwa dawa?

SWALI: Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Ziwa. Kila siku naona makondo yakipelekwa shimoni. Nimesoma kwamba kondo la nyuma lina seli shina nyingi na kwamba nchi za nje wameanza kuzitumia. Je, maabara ya kwetu inaweza kuzitoa na kuziandaa hadi zimfikie mgonjwa? Hatua ni zipi, na vinahitajika vitu gani, kwa kiasi gani? Pia mjomba wangu ana goti bovu na anataka kusafiri kwenda kudungwa sindano ya seli za kondo. Nimwambie nini?

JIBU: Ndugu yangu, asante kwa swali lenye uzito. Jibu fupi ni hili: kuzitoa seli mnaweza, na kazi hiyo huisha kwa siku moja. Kuzigeuza ziwe dawa ya kumdunga mgonjwa ni kazi ya miaka, na ugumu wake hauko kwenye kondo. Uko kwenye kuthibitisha mambo mawili: seli ulizonazo ni za nani, na je, seli za toleo (mzigo uliotengenezwa kwa pamoja) la leo zinafanya kazi ileile iliyofanywa na toleo la mwezi uliopita. Timu nyingi zenye fedha na wataalamu zimekwama hapo.

Tuanze na kondo lenyewe. Likikomaa lina uzito wa karibu nusu kilo, upana wa sentimita 22 hivi na unene wa sentimita 2 hadi 3. Liweke mezani upande wa mtoto ukiwa juu. Utaona utando unaong'aa, mwembamba kama karatasi ya nailoni. Huo ni amnioni, ile "chupa" ambayo wakunga husema imepasuka. Chini yake kuna korioni, halafu vili (vinyuzi vidogo vya kondo) zilizolowa damu, na chini kabisa, pale palipokuwa pameshikana na mji wa mimba, kuna tabaka liitwalo desidua. Desidua ni mwili wa mama. Amnioni, vili na kitovu ni mwili wa mtoto. Shika sana tofauti hiyo, nitairudia.

Neno "seli shina" hapa linabeba vitu vitatu visivyofanana. Cha kwanza ni seli shina za damu, zinazopatikana katika damu ya kitovu. Hizi zina historia ndefu kuliko zote: mwaka 1988, jijini Paris, Éliane Gluckman na wenzake walimpandikiza mtoto mwenye anemia ya Fanconi damu ya kitovu ya dada yake mchanga, naye akapona upungufu wake wa damu. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisajili kwa mara ya kwanza damu ya kitovu kama bidhaa ya tiba. Cha pili ni seli za epitheli za amnioni, zinazotandaza uso wa ndani wa chupa. Cha tatu ni seli za mezenkima, zinazotoka kwenye tishu ya amnioni, korioni, desidua na ile jeli ya Wharton ndani ya kitovu. Watu wakisema "seli shina za kondo" mara nyingi wanamaanisha hizi za tatu, na ndizo nitakazozieleza zaidi.

Hizi za mezenkima hazifanyi kazi kwa kugeuka kuwa goti jipya au ini jipya. Zikidungwa kwenye mshipa, nyingi hunaswa kwenye mapafu na hupotea ndani ya siku chache. Faida yake, inapokuwapo, hutokana na kemikali zinazotoa na jinsi zinavyotuliza chembe za kinga. Anayeahidi kwamba zitaota na kuwa kiungo anaahidi kitu ambacho seli hizi hazijaonyeshwa kukifanya.

Ridhaa na uchunguzi wa mama

Kabla ya kisu na enzaimu kuna mama. Kwetu kondo si taka tu. Familia nyingi hulizika, na wengine huomba kwenda nalo nyumbani. Kwa hiyo ridhaa iombwe kliniki, wiki kadhaa kabla ya kujifungua, kwa lugha anayoielewa, na aambiwe wazi kwamba akikataa huduma yake haibadiliki hata kidogo. Ridhaa iliyosainiwa katikati ya uchungu si ridhaa. Aambiwe pia kwamba damu yake itapimwa na kwamba atatafutwa tena baadaye kwa kipimo cha pili.

Anayefaa ni mama aliyepangiwa upasuaji, mimba ikiwa imetimiza wiki 37 au zaidi, asiye na homa, ambaye chupa haijapasuka mapema na mtoto hajajisaidia ndani ya maji ya uzazi. Kwa nini upasuaji? Kondo lililopita ukeni limebeba bakteria, na dawa za kuulia vijidudu hupunguza mzigo huo tu, haziufuti. Damu ya mama ipimwe VVU, homa ya ini B na C, kaswende na virusi vya HTLV, sampuli ikichukuliwa ndani ya siku 7 za kujifungua, na VVU na homa za ini zipimwe kwa PCR pia (kipimo kinachotafuta vinasaba vya kijidudu chenyewe), si kingamwili peke yake.

Kwetu inaongezeka malaria, na hapa mwongozo ulioandikwa Ulaya utakupotosha. Chembe nyekundu zenye Plasmodium falciparum hujibanza ndani ya kondo kwa kushikamana na kondroitini salfeti A kwenye uso wa vili. Mama anaweza kupimwa kidoleni akaonekana mzima huku kondo lake limejaa vimelea. Kwa hiyo kata kipande cha kondo lenyewe, nusu kipeleke PCR na nusu kwa mtaalamu wa patholojia atafute vimelea na ile rangi ya kahawia nyeusi ya malaria. Kondo lenye dalili hizo liwekwe kando, hata kama vimelea vyenyewe vitakufa kwenye flaski, kwa sababu tishu yake ilishaathiriwa na uvimbe wa ndani.

Kipimo cha pili cha mama kifanyike baada ya siku 180, na seli zikae karantini hadi hapo. Ni rahisi kuliko inavyosikika, kwa kuwa mtoto akifikisha miezi 6 mama huja kliniki kwa matone ya vitamini A. Panga naye siku hiyohiyo.

Kutoka chumba cha upasuaji hadi kwenye flaski

Kondo lipokelewe ndani ya chombo tasa chenye mifuniko miwili, likiwa limezamishwa kwenye maji ya chumvi yenye viuavijasumu, na lisafirishwe katika nyuzi 2 hadi 8. Kasha la kubebea chanjo linafaa sana, lakini vipande vya barafu viachwe kwanza mezani hadi vianze kutoa jasho, kisha vitenganishwe na chombo kwa kadibodi. Kondo likigusa barafu iliyoganda barabara, tishu ya upande huo hupasuka na seli zake hufa, nawe utalaumu enzaimu. Weka kirekodi cha joto ndani. Anza kazi mapema iwezekanavyo, na usivuke saa 24.

Ndani ya kabati la usalama wa kibiolojia, pima uzito, piga picha, kata kitovu. Sasa bandua amnioni. Anza kwenye ukingo uliokatwa, shika utando kwa koleo mbili na uuvute taratibu kuelekea kwenye mzizi wa kitovu. Unatoka kama ngozi ya nyanya iliyochovywa kwenye maji ya moto. Ukihisi unakwama na unabeba kitu kizito chenye rangi ya maziwa, umeshabeba korioni, rudi nyuma. Osha kwa maji ya chumvi yenye bafa hadi maji yatoke meupe kabisa, mara 6 au 8, huku ukikwangua mabonge ya damu kwa kidole chenye glavu.

Kuosha huko ndiko kunakoamua mavuno. Seramu ya damu ina protini zinazozuia tripsini, enzaimu ya kutenganisha seli, hivyo damu ikibaki enzaimu inafungwa kabla haijafanya kazi. Kosa jingine la mara kwa mara ni kuoshea kwa maji yenye EDTA kisha kutia kolajenesi, enzaimu inayoyeyusha tishu, moja kwa moja. Kolajenesi haifanyi kazi bila kalsiamu, na EDTA huinyakua kalsiamu yote. Watu huongeza dozi ya enzaimu mara mbili, mara tatu, kumbe tatizo ni maji ya kuoshea.

Ukitaka seli za epitheli: kata utando vipande, weka kwenye tripsini ya asilimia 0.05 katika nyuzi 37. Maji ya dakika 10 za mwanzo mwaga, yamejaa takataka na seli zilizokufa. Kisha fanya raundi mbili za dakika 40 na ukusanye zote. Kondo moja zuri hutoa seli milioni 100 hadi 200. Tatizo lake ni kwamba hazipendi kuongezeka kwenye flaski, kwa hiyo ulichovuna ndicho ulichonacho.

Ukitaka za mezenkima: vipande vya sentimita 3 kwa 3 vikae kwanza kwenye enzaimu iitwayo dispasi, ya yuniti 2.5 kwa mililita, dakika 7 hadi 9, ili epitheli ilegee. Kisha kolajenesi ya miligramu 0.75 kwa mililita pamoja na DNase (enzaimu inayokata DNA) ya mikrogramu 20 kwa mililita, saa 2 na nusu hadi 3, huku vikitikiswa polepole. DNase si pambo. Seli zinazopasuka humwaga DNA, DNA hiyo hufanya ute kama mlenda, na ute huo hunasa seli hai na kuziba chujio. Chuja kwa wavu wa mikromita 100, zungusha kwenye sentrifuji kwa g 300 dakika 10, hesabu kwa tripani bluu. Kabla ya kununua kolajenesi nyingi, jaribu mzigo mdogo wa namba ileile ya toleo, kwa sababu nguvu yake hubadilika toleo hadi toleo.

Lishe ya seli iwe kimiminika cha alfa-MEM chenye laiseti ya chembe sahani za binadamu asilimia 5 na heparini yuniti 2 kwa mililita. Usisahau heparini, la sivyo lishe itaganda kama jeli ndani ya inkubeta. Seramu ya ndama inayotumiwa kwenye utafiti hukuza seli vizuri, lakini huacha protini za ng'ombe ndani ya seli na mwili wa mgonjwa unaweza kuzikataa. Ukianza nayo ukabadilisha baadaye, umebadilisha dawa, na vipimo vyote vinarudiwa. Anza na utakachomalizia.

Seli ni za mama au za mtoto?

Ukisaga korioni au vili, hata ukikwangua vizuri kiasi gani, desidua kidogo hubaki. Mwanzoni seli za mtoto zinaweza kuwa nyingi. Lakini katika lishe nyingi za kawaida, seli za mama hushika sakafu ya flaski upesi na kukua kwa kasi, hivyo kufikia uvunaji wa pili au wa tatu flaski nzima inaweza kuwa ya mama. Kwa darubini huoni tofauti, zote ni ndefu, nyembamba, zimejipanga kama samaki. Alama za protini kwenye uso wa seli pia ni zilezile. Maabara nyingi ziliandika "seli za mtoto" kwenye lebo bila kupima.

Kipimo ni STR, kile cha vinasaba cha kutambua mtu. Linganisha DNA ya seli na damu ya mama na damu ya kitovu. Mtoto akiwa wa kiume, kipimo cha kromosomu X na Y hutoa jibu la haraka, lakini kwa mtoto wa kike STR haiepukiki. Fanya hivyo kwenye benki ya kwanza (akiba ya kwanza ya seli zilizogandishwa) na tena mwishoni. Seli za mama si mbaya kwa sababu ni za mama. Timu ya Karolinska, Stockholm, ilichagua desidua kwa makusudi na kuitumia kwa wagonjwa wenye GVHD, ule ugonjwa ambao kipandikizi cha uboho humshambulia aliyekipokea. Ubaya ni mchanganyiko usiojulikana, kwa kuwa leo una asilimia 80 ya mtoto, kesho 5, na huwezi kusema ni dawa moja.

Hesabu ya seli, mahali ndoto nyingi zinapogongea

Tuchukue dozi ya seli milioni 2 kwa kila kilo ya mgonjwa, ambayo ndiyo ya Ryoncil, dawa ya mezenkima iliyosajiliwa Marekani. Mgonjwa wa kilo 70 anahitaji milioni 140 kwa dozi moja. Ratiba ya dawa hiyo ni mara 2 kwa wiki kwa wiki 4, yaani dozi 8, seli bilioni 1.12.

Sema uvunaji wako wa kwanza, unaoitwa pasaji 0, umekupa seli milioni 10. Unazipanda 5,000 kwa kila sentimita ya mraba na kuzivuna zikifika 30,000, kabla hazijafunika zaidi ya asilimia 80 ya sakafu. Zinaongezeka mara 6 kila pasaji: milioni 60, kisha milioni 360, kisha bilioni 2.16 kwenye pasaji ya 3. Pasaji hiyo ya mwisho inahitaji sakafu ya sentimita za mraba 72,000. Chombo cha tabaka 10 kina 6,360, kwa hiyo ni vyombo 12 kwa pamoja. Kila kimoja kinakunywa lita 1.5 hivi. Ukibadilisha lishe mara moja ni lita 36, na ndani yake lita 1.8 za laiseti. Wakati wa kugandisha na kuyeyusha ukipoteza robo, unabaki na dozi 11 kamili. Kondo moja, kwa njia hii, limemtibu mgonjwa mmoja na akiba ndogo.

Unaweza kuendelea hadi pasaji ya 4 na 5, lakini kila hatua seli huzeeka, hunenepa, hupunguza uwezo wa kutuliza kinga, na hatari ya kasoro za kromosomu hupanda. Weka ukomo mapema na usiuvuke siku mavuno yakiwa mabaya. Hapo ndipo watu wenye nia njema hujiharibia.

Gandisha benki ya kwanza kwenye pasaji 1, kisha benki ya kazi. Kimiminika ni albumini ya binadamu yenye DMSO (kemikali inayokinga seli zisipasuliwe na barafu) asilimia 5 hadi 10. Joto lishuke nyuzi 1 kwa dakika hadi nyuzi 80 chini ya sifuri, halafu mvuke wa nitrojeni, chini ya nyuzi 150 hasi. Tangi la nitrojeni halitegemei umeme, hilo ni faraja kwetu, lakini hutegemea gari la kuijaza. Pima kina kwa rula kila baada ya siku 2 na uandike. Chumba kiwe na king'ora cha oksijeni, kwani nitrojeni huua bila harufu.

Vipimo kabla ya kumfikia mgonjwa

Mwaka 2006 Jumuiya ya Kimataifa ya Tiba ya Seli ilitoa vigezo ambavyo bado vinafuatwa: seli zishike plastiki, asilimia 95 au zaidi ziwe na alama za uso CD73, CD90 na CD105, zisizidi asilimia 2 zenye CD45, CD34, CD14, CD19 au HLA-DR, na ziweze kugeuka mfupa, mafuta na gegedu kwenye flaski. Ongeza upimaji wa bakteria na fangasi wa siku 14, mikoplazma (bakteria wadogo sana), endotoksini (sumu ya bakteria) isiyozidi yuniti 5 kwa kilo kwa saa, kromosomu, na uhai wa asilimia 70 au zaidi baada ya kuyeyusha. Mikoplazma inastahili hofu yako kuliko bakteria. Haifanyi lishe kuwa na ukungu, haiui seli, inakaa tu na kubadilisha tabia yake, na mara nyingi hutoka mdomoni mwa mfanyakazi anayeongea huku kabati liko wazi.

Vyote hivyo vinasema seli ni safi na ni za aina gani, havisemi kama zinatibu. Kipimo cha nguvu ndicho kigumu. Dawa ile niliyoitaja, Ryoncil, inayotoka kwenye uboho na si kwenye kondo, inatolewa kwa watoto wenye GVHD isiyosikia steroidi. Mwaka 2020 jopo la washauri wa FDA liliipigia kura ya ndiyo kwa wingi mkubwa, lakini FDA ikaikataa mwaka huohuo na tena 2023, ikiuliza zaidi kuhusu ushahidi wa matokeo na kama kipimo cha nguvu kweli kinatabiri nafuu ya mgonjwa. Ilisajiliwa Desemba 2024. Kwa hiyo chagua ugonjwa kwanza, kisha kipimo kinachohusiana na ugonjwa huo. Kama lengo ni kutuliza kinga, weka seli zako pamoja na limfosaiti T (chembe za kinga) zilizochokozwa na upime zimezuiwa kiasi gani, au pima kimeng'enya IDO baada ya kuzichokoza kwa intaferoni gama. Fanya hivyo kwa kila toleo, tangu la kwanza kabisa.

Kuna jambo jingine la kondo hasa. Seli zake hubeba kwa wingi tishu fakta, CD142, protini inayowasha kuganda kwa damu. Zikiingia kwenye mshipa zikiwa nyingi, zimeshikana mabonge na kwa kasi, zinaweza kuziba mishipa ya mapafu. Huko Australia, katika jaribio la kwanza la kuwapa watoto njiti wenye mapafu mabovu seli za epitheli za amnioni, watoto 6, seli milioni 1 kwa kilo, mtoto wa kwanza alisumbuka moyo na pumzi wakati wa kudungwa. Timu ilipunguza kasi ya dripu na kuweka chujio kwenye mrija, na waliofuata hawakupata tatizo hilo. Matokeo hayo yalitangazwa 2018. Basi pima CD142, chuja, yeyusha kwenye albumini badala ya plazma, na dripu iende taratibu huku mgonjwa akiangaliwa oksijeni.

Ushahidi umefika wapi

Kampuni ya Pluristem ya Haifa, Israeli, ndiyo iliyofika mbali kwa seli za kondo zilizokuzwa, PLX-PAD. Ilizifikisha kwenye majaribio ya awamu ya tatu kwa miguu iliyokosa damu na kwa waliovunjika nyonga. La kwanza lilisimamishwa mwishoni mwa 2020 baada ya hesabu za katikati kuonyesha halitafaulu, na la nyonga halikufikia lengo lake mwaka 2022. Seli zilitengenezwa vizuri, tena kwa wingi. Zilichokosa ni kumfaidi mgonjwa kuliko wale wa kikundi cha kulinganisha. Sikwambii hivi nikuvunje moyo. Nakwambia ili usimwahidi mama anayetoa kondo lake kwamba kesho linaponya.

Sasa ushauri wangu: msianze na seli zilizokuzwa. Anzeni na benki ya amnioni. Utando huu ulitumika kupandikiza ngozi tangu 1910 na kwenye jicho tangu 1940, na leo ni tiba ya kawaida ya jicho lililoungua kwa kemikali, na la mgonjwa wa Stevens-Johnson, mzio mkali wa dawa unaobabua ngozi na macho, ambaye kwetu tunamjua vizuri baada ya dawa za salfa na nevirapini. Ukitandazwa katika siku za mwanzo, kabla kope hazijagandana na jicho, unaokoa uwezo wa kuona. Hauhitaji vyombo vya tabaka 10 wala nitrojeni. Ridhaa ni ileile, vipimo vya mama ni vilevile, karantini ni ileile, na kubandua ni kulekule. Unaosha, unaubandika kwenye karatasi ya nitroselulosi epitheli ikiwa juu, unakata sentimita 3 kwa 3 au 4 kwa 4, unaweka kwenye gliseroli na DMEM (lishe ya seli) nusu kwa nusu, na kuhifadhi kwenye friza ya nyuzi 80 hasi. Seli hufa humo, si neno, kinachotibu ni utando. Ukisahau upande upi ni upi, gusa kwa sifongo kavu: upande wa stroma unanata na kuvuta uzi kama kamasi, upande wa epitheli hauvuti kitu.

Baada ya tando 100 hivi mtakuwa na rejesta ya akina mama, kumbukumbu za joto, na orodha halisi ya mlikokosea. Mkiwa hapo, nendeni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kabla ya kununua hata chombo kimoja cha kukuzia, muulize watakachotaka kuona, na pelekeni itifaki kwa kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Wenzetu wa Kenya wataanzia Bodi ya Dawa na Sumu, wa Uganda kwa NDA (mamlaka ya dawa) na UNCST (baraza la sayansi na teknolojia). Na tafuteni mahali penye wagonjwa wanaohitaji. Hospitali za Muhimbili na Benjamin Mkapa, Dodoma, tayari wanapandikiza uboho, na mahali penye upandikizaji ndipo GVHD inapoweza kutokea.

Kuhusu mjomba wako. Mwaka 2018 huko Marekani wagonjwa 12 katika majimbo matatu walilazwa kwa maambukizi baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu, wengi wao viungoni au mgongoni, na vichupa ambavyo havikuwa vimefunguliwa vilikutwa na bakteria wa utumbo. Mwaka uliofuata FDA ilionya umma baada ya wagonjwa wa Nebraska kudhurika kwa bidhaa za eksosomu (vifuko vidogo vinavyotolewa na seli) zilizodaiwa kutoka kwenye kondo. Mwambie aiandikie kliniki hiyo, kabla ya kulipa chochote, aombe namba ya usajili wa dawa au ya jaribio, cheti cha toleo atakalodungwa chenye matokeo ya bakteria, endotoksini na uhai wa seli, pamoja na jina la daktari atakayempokea akipata homa usiku wa pili. Asipopewa, abaki. Amwone mtaalamu wa mifupa, apigwe eksirei akiwa amesimama, apunguze uzito kama umezidi, aanze mazoezi ya misuli ya paja na mtaalamu wa fiziotherapia mara 3 kwa wiki, na baada ya miezi 3 wakae na daktari waamue kama goti linahitaji upasuaji.